Kabla ya Kununua Mtoto wa Mbwa, Uliza: Mama Yake Yuko Wapi?

Somo la toleo hili linahusu biashara ambayo wengi wetu huipita sokoni bila kuitilia maanani, nayo ni biashara ya watoto wa mbwa. Huenda mtu akajiuliza, polisi wana shughuli gani na vijibwa, ilhali wezi na walanguzi hawajaisha? Swali hilo ni la haki. Nasi tulikuwa tukijiuliza hivyo hivyo, hadi siku ambapo boksi moja la watoto wa mbwa lilituweka barabarani kwa muda wa wiki tatu.

Lengo la somo

Baada ya kulisoma somo hili, msomaji aweze kueleza kwa nini asili ya mtoto wa mbwa ni jambo la usalama wa jamii, aweze kutambua dalili za biashara isiyojali afya wala ustawi wa mnyama, na ajue la kufanya iwapo mtu ameumwa.

Boksi moja, watoto sita

Siku moja ya soko, mchuuzi alisimama kando ya barabara, karibu na mpaka, akiwa na boksi la karatasi lenye watoto sita wa mbwa. Kabla ya adhuhuri alikuwa amewauza wote. Mmoja wao alinunuliwa na familia moja kwa bei isiyozidi ya kuku wawili, awe mlinzi wa boma na rafiki wa mtoto wao wa kiume mwenye umri wa miaka tisa.

Baada ya siku nane, kijibwa kile kiliacha kula, kikajificha uvunguni mwa kitanda. Mtoto alipojaribu kukipa maziwa, kikamng'ata mkononi. Bibi yake, kwa nia njema kabisa, alisema kwamba kichaa ni cha mbwa wakubwa, na kwamba mtoto wa mbwa hawezi kuwa nacho. Jeraha likafungwa kitambaa. Kwa bahati, jioni ile mhudumu wa afya wa kijiji alipita pale. Alikifungua kitambaa, akaliosha jeraha kwa sabuni na maji kwa muda mrefu, kisha akaihimiza familia impeleke mtoto kituo cha afya usiku ule ule. Siku ya tatu kijibwa kilikufa. Maabara ilithibitisha kwamba kilikuwa na kichaa cha mbwa.

Mtoto yule alikamilisha chanjo zake zote, na leo yuko shuleni. Lakini palibaki swali zito: wale wengine watano walikwenda wapi? Hapakuwa na risiti, wala jina la muuzaji, wala shahidi aliyejua alikotoka. Namba ya simu aliyomwachia mnunuzi mmoja haikupatikana tena. Tukishirikiana na wenyeviti wa LC1, daktari wa mifugo wa wilaya na wenzetu wa upande wa pili wa mpaka, tuliwapata watatu. Wawili walionekana mara ya mwisho wakiwa wamebebwa kwenye boda boda kuelekea mpakani. Hao hatujawapata hadi leo.

Tuliyoyaona dukani

Tukio hilo lilitufanya tutake kujua watoto hawa hutoka wapi. Tulimwomba daktari wa mifugo atufuatishe hadi kwenye duka moja la mjini linalouza chakula cha kuku, minyororo, ndege wa kufugwa na watoto wa mbwa. Tulikwenda na sare zetu, bila kujificha.

Tuseme kwanza lililo haki. Mwenye duka alitukaribisha vizuri, na sehemu ya mbele ilikuwa imefagiwa. Yeye ni mama anayesomesha watoto kwa duka hilo, naye hakuonekana kuwa mtu katili. Hata hivyo, nyuma ya pazia palikuwa na vizimba vya waya vilivyopangwa kimoja juu ya kingine, ghorofa tatu. Sakafu yake ilikuwa waya mtupu, na miguu midogo ya wanyama ilipenya kwenye matundu. Kinyesi cha waliokuwa juu kiliwaangukia waliokuwa chini. Katika vizimba viwili bakuli la maji lilikuwa limepinduka na kukauka. Katika kona palikuwa na mtoto mmoja mwenye macho yenye tongo, aliyelala juu ya haja yake mwenyewe na ambaye hakuinua kichwa tulipomsogelea.

Daktari alimchukua mmoja aliyekuwa mchangamfu, akamfungua kinywa. Muuzaji alikuwa ametuambia kwamba wote wana miezi miwili. Mtoto wa mbwa wa umri huo huwa na meno yote 28 ya utotoni, lakini huyu meno yake ya nyuma yalikuwa hayajatokeza yote. Kisha daktari akaomba kadi ya chanjo. Kadi ilikuwapo, na ilionyesha kwamba mtoto huyo alikuwa amekwisha kuchanjwa dhidi ya kichaa cha mbwa. Daktari akatuonyesha kasoro mbili. Ya kwanza, chanjo hiyo kwa kawaida hutolewa mtoto anapofikisha umri wa miezi mitatu. Ya pili, kadi haikuwa na lebo ya chupa ya chanjo, wala jina, wala sahihi ya aliyechanja. Ilikuwa na mhuri tu, ambao yeyote angeweza kuuchonga.

Hapo tukauliza swali ambalo tumelifanya kichwa cha somo hili: mama yao yuko wapi?

Mwenye duka alitazama chini, akajibu, "Afande, hata mimi sijawahi kumwona."

Alitueleza kwamba watoto huletwa usiku na dalali, wakiwa ndani ya gunia au kreti la soda lililofungwa nyuma ya pikipiki, wakipitishwa njia za panya. Hakumjua dalali huyo ila kwa namba ya simu. Wanaofika wamekufa hutupwa, na walio hai huingizwa vizimbani. Kwa maneno mengine, yeye naye alikuwa akinunua mbuzi kwenye gunia.

Mtego wa huruma

Kabla ya kuondoka, askari mmoja kijana miongoni mwetu alisimama mbele ya yule mtoto mgonjwa wa konani. Alitoa pochi yake, akasema, "Mama, huyu unamwuza kwa kiasi gani? Siwezi kumwacha hapa afe."

Daktari alimwekea mkono begani. "Afande, moyo wako ni mzuri," alimwambia, "lakini ukimnunua huyu, kesho kizimba hiki hakitakuwa kitupu. Fedha yako ndiyo nauli ya pikipiki itakayoleta wengine."

Ndugu wasomaji, maneno hayo tunaomba myatafakari. Watu wengi wanaonunua watoto wa mbwa walio dhaifu si wakatili. Hununua kwa sababu wanawahurumia. Lakini dalali haulizi ulinunua kwa huruma au kwa tamaa. Yeye huhesabu waliouzika, kisha huenda kutafuta idadi kama ile. Huruma iliyo na manufaa ni ile inayotoa taarifa.

Ndivyo tulivyofanya. Daktari wa mifugo aliwachukua wagonjwa wanne wakatibiwe, akawatenga waliobaki wasiuzwe, na mwenye duka akapewa masharti ya maandishi. Wawili kati ya wale wanne walikufa kwa ugonjwa wa parvo. Yule wa konani aliishi. Mwenye duka alipata hasara, nasi hatukuifurahia hasara yake. Tuliporudi baada ya muda, vizimba vya juu vilikuwa vimeondolewa, na akatuambia kwamba hapokei tena mzigo wa usiku.

Kwa nini mama ni ushahidi

Mtoto wa mbwa huzaliwa akiwa haoni wala hasikii, na macho hufunguka takriban wiki mbili baadaye. Maziwa ya kwanza ya mama humpa kinga dhidi ya magonjwa, lakini kinga hiyo hupungua wiki zinavyopita, na hapo ndipo chanjo inapohitajika. Kwa sababu hiyo, wataalamu hushauri asitenganishwe na mama yake kabla ya kufikisha wiki 8.

Zaidi ya hayo, kati ya wiki ya 3 na ya 14 hivi, mtoto wa mbwa hujifunza kuishi na viumbe wengine. Kwa mama na ndugu zake hujifunza kupunguza nguvu ya meno anapocheza. Kwa binadamu wapole hujifunza kutowaogopa watu. Anayezipitisha wiki hizo ndani ya gunia na kizimba huweza kukua akiwa na woga mwingi, na mbwa mwenye woga ni mwepesi wa kuuma. Mnunuzi aliyetaka mlinzi hujikuta amefuga hatari inayowatishia wanawe mwenyewe.

Kuna pia suala la magonjwa. Kirusi cha parvo huleta kutapika na kuhara damu, huua watoto wengi wa mbwa, na huweza kukaa ardhini kwa miezi mingi. Ua alimofia mtoto mmoja huweza kumwambukiza yule atakayeletwa baadaye. Minyoo ya mbwa nayo huweza kuwapata watoto wetu wanaochezea mchanga wenye kinyesi.

Lakini kikubwa kuliko yote ni kichaa cha mbwa. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba ugonjwa huu huua watu wapatao 59,000 kila mwaka, wengi wao wakiwa Afrika na Asia, na kwamba takriban asilimia 40 ya wanaoumwa na wanyama wanaoshukiwa kuwa nao ni watoto walio chini ya miaka 15. Karibu vifo vyote vya binadamu hutokana na kuumwa na mbwa. Dalili zikishajitokeza kwa binadamu, karibu hakuna anayepona. Hata hivyo, huzuilika kabisa kwa kuchanja mbwa na kwa kumtibu mapema aliyeumwa. Imani ya kwamba mtoto wa mbwa hawezi kuwa na kichaa si ya kweli: akiumwa na mnyama mwenye ugonjwa, naye huambukizwa.

Mnunuzi anayemwona mama akiwa mzima, anayemnyonyesha mtoto wake nyumbani kwa mtu anayejulikana, huwa ameyapata majibu ya mengi ya maswali haya kwa jicho lake mwenyewe. Asiyemwona mama huwa amenunua neno la mtu.

Kipimo cha uhuru tano

Mwaka 1965 kamati iliyoongozwa na Profesa Brambell nchini Uingereza iliandika ripoti kuhusu hali ya mifugo. Kutokana na kazi hiyo ulikuja kupatikana mwongozo unaofundishwa leo kama uhuru tano wa mnyama: uhuru dhidi ya njaa na kiu, uhuru dhidi ya mazingira ya kumtaabisha, uhuru dhidi ya maumivu, majeraha na magonjwa, uhuru wa kuonyesha tabia yake ya asili, na uhuru dhidi ya hofu na dhiki. Msomaji aupime ule mzigo wa gunia kwa mambo haya matano. Hautafaulu hata kwa moja.

Wala tusidhani kwamba mafunzo haya ni ya kigeni kwetu. Waislamu miongoni mwetu wanaijua habari ya mtu aliyesamehewa kwa kumtekea maji kisimani mbwa aliyekuwa na kiu, na Wakristo wanafundishwa kwamba mwenye haki huujali uhai wa mnyama wake. Mtu anaweza kuwa hapendi kufuga mbwa, na hiyo ni haki yake. Kutesa ni jambo jingine.

Sheria zinasemaje

Hapa Uganda, Sheria ya Kuzuia Ukatili dhidi ya Wanyama imekuwapo tangu mwaka 1957. Kenya ina sheria yake ya kuzuia ukatili dhidi ya wanyama, Sura ya 360, na Tanzania ilitunga Sheria ya Ustawi wa Wanyama mwaka 2008. Basi asidhani mtu kwamba akivuka mpaka ameiacha sheria nyuma. Katika nchi zote tatu, kumtesa mnyama ni kosa.

Kumvusha mbwa mpakani kunahitaji kibali cha mamlaka za mifugo, cheti cha afya kutoka nchi anakotoka na uthibitisho wa chanjo ya kichaa cha mbwa. Hati hizo hukaguliwa katika vituo rasmi vya mpakani. Anayepitia njia ya panya hukwepa ushuru na pia hukwepa kinga ya watoto wetu. Aidha, mbwa ni mali. Watoto wa mbwa wa aina zinazopendwa huibwa, na anayepokea mali huku akijua kwamba ni ya wizi anajiingiza katika kosa la jinai.

Nchi nyingine zimekwenda mbali zaidi. England, tangu Aprili 2020, imewakataza madalali na maduka kuuza watoto wa mbwa walio chini ya miezi 6 ambao hawakuwazalisha wao wenyewe. Sheria hiyo imepewa jina la Lucy, mbwa jike aliyeokolewa mwaka 2013 kutoka mahali alipokuwa akizalishwa mfululizo, mwili wake ukiwa umedhoofika. Ufaransa imepiga marufuku uuzaji wa mbwa na paka madukani tangu tarehe 1 Januari 2024. Katika jimbo la California, Marekani, tangu mwaka 2019 maduka hayaruhusiwi kuuza mbwa wanaotoka kwa wazalishaji wa biashara. Shabaha ya sheria ya England ndiyo ya somo hili: mnunuzi amwone mtoto pamoja na mama yake, mahali alipozaliwa.

Hatua za kufuata kabla ya kununua

1. Mwone mama. Akikosekana, na maelezo yakibadilika kila unapouliza, ondoka.

2. Uliza umri, kisha utazame meno. Asiye na meno yote ya utotoni ni mdogo mno kuuzwa.

3. Tazama macho, pua, sehemu ya haja na mbavu. Tongo, kamasi, uchafu wa kuhara na tumbo lililovimba kwa minyoo ni dalili mbaya.

4. Soma kadi ya chanjo. Iwe na tarehe, lebo ya chanjo, jina na sahihi ya aliyechanja. Ukiwa na shaka, mpigie simu aliyetajwa.

5. Dai risiti yenye jina la muuzaji, mahali anapoishi na namba ya simu. Muuzaji mwaminifu haogopi kalamu.

6. Usinunue ukiwa ndani ya gari au juu ya boda boda. Uamuzi wa dakika mbili huja kuwa mzigo wa miaka kumi, kwa maana mbwa huishi muda huo au zaidi.

7. Fikiria kumpokea mbwa kutoka makao ya wanyama, kama yale ya shirika la USPCA jijini Kampala au KSPCA jijini Nairobi, au kwa jirani ambaye mbwa wake amezaa.

Ukimwona mnyama anateseka dukani au sokoni, usimnunue na usigombane na muuzaji. Andika mahali, siku, saa na namba ya pikipiki kama ipo, kisha umwarifu daktari wa mifugo, mwenyekiti wa LC1 au kituo cha polisi kilicho karibu.

Ukiumwa au kukwaruzwa

Osha jeraha mara moja kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15. Usipake pilipili, mafuta ya taa, majivu wala majani. Nenda kituo cha afya siku hiyo hiyo, hata kama jeraha ni dogo, hata kama aliyeuma ni kijibwa. Ukianzishiwa chanjo, hudhuria tarehe zote ulizopangiwa, hata ukijiona mzima. Usimwue mbwa na kumtupa, kwa sababu atahitajika kwa uchunguzi. Afungiwe mahali salama kwa siku 10 na daktari wa mifugo aitwe. Wala usingoje siku hizo ziishe ndipo uanze matibabu.

Maswali ya majadiliano

1. Katika kijiji chenu, mbwa wa mwisho kuletwa alitoka wapi, na nani anaweza kuthibitisha?

2. Ungemjibu vipi bibi aliyeamini kwamba mtoto wa mbwa hana kichaa, bila kumvunjia heshima?

3. Kwa nini askari wetu hakupaswa kumnunua yule mtoto mgonjwa? Je, wewe ungefanya nini?

4. Ni jambo gani moja ambalo kamati ya soko lenu inaweza kulikataza kuanzia siku ya soko ijayo?

Tunamalizia kwa ombi. Wale watoto wawili ambao hatukuwapata walikuwa na ndugu aliyekufa kwa kichaa cha mbwa. Walinunuliwa na watu wema, huenda kwa ajili ya watoto wao. Yeyote, wa upande huu au ule wa mpaka, aliyenunua mtoto wa mbwa kutoka kwenye boksi la barabarani asiye na karatasi, ampeleke kwa daktari wa mifugo akaguliwe na achanjwe. Hatutamwuliza kwa nini alimnunua. Tutamwuliza tu alimpata kwa nani.

Kinga ni bora kuliko tiba, na kwa ugonjwa huu, dalili zikishaanza, tiba hakuna.

Ofisi ya Uhusiano wa Polisi na Jamii